Kuondoa Viwango Vikongwe vya Wavuti: Maandishi Yabaki, Msomaji Aondoke?

Utangulizi

Wahenga waliponena kwamba kipya kinyemi kingawa kidonda, hawakuwa na habari ya kompyuta wala intaneti. Hata hivyo, methali hiyo inaingia barabara katika mjadala uliopamba moto miongoni mwa wataalamu wa wavuti mnamo mwaka wa 2025: je, inafaa viwango vikongwe viondolewe katika vivinjari kwa sababu watumiaji wake wamepungua? Kivinjari ni ile programu tunayoitumia kufungua na kusoma kurasa za mtandao, mathalani Chrome, Firefox na Safari. Viwango vya wavuti navyo ni kaida zilizokubaliwa ambazo mwandishi wa ukurasa huzifuata ili kivinjari chochote, kiwe cha kampuni gani, kiweze kuuonyesha ukurasa huo sawasawa.

Yamkini msomaji atauliza: mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika ugomvi wa wahandisi? Jibu ni kwamba ugomvi wenyewe unahusu maandishi. Tenzi, mashairi, magazeti na tasnifu zinazidi kuhifadhiwa kidijitali, na maandishi ya kidijitali hayasomeki kwa macho matupu. Sharti iwepo programu inayozielewa kaida zilizotumiwa kuyaandika. Makala haya yanadhamiria kueleza mjadala huo, kuzipima hoja za pande zote mbili, na kutoa mapendekezo kwa wanaohifadhi matini za Kiswahili. Hoja yetu kuu ni kwamba kuondoa kiwango si kufuta maandishi, bali ni kumwondoa msomaji wake. Kwa hivyo, anayemwondoa msomaji huyo ana wajibu wa kuacha mkalimani mahali pake.

Ahadi ya wavuti

Shirika la W3C, lililoasisiwa na Tim Berners-Lee mwaka wa 1994, ndilo lililoviongoza viwango vya wavuti kwa miaka mingi. Mwaka wa 2004, wataalamu kutoka Apple, Mozilla na Opera waliunda kundi jingine liitwalo WHATWG, na tangu makubaliano ya mwaka wa 2019 kundi hilo ndilo linaloshika kalamu ya kiwango cha HTML, yaani lugha ya alama ambayo kwayo kurasa za wavuti huandikwa. Licha ya tofauti za makundi hayo, kanuni moja imeheshimiwa na wote: wavuti usivunjwe. Maana yake ni kwamba ukurasa ulioandikwa jana hauna budi kusomeka kesho.

Kanuni hiyo haikuwa maneno matupu. Tovuti iliyotengenezwa mwaka wa 1996 ili kuitangaza filamu ya Space Jam ilikuwa bado ikifunguka katika vivinjari vipya robo karne baadaye. Aidha, mwaka wa 2018, kamati inayoisimamia lugha ya JavaScript ilitaka kuingiza amri mpya kwa jina la flatten. Ikabainika kwamba jina hilo lingegongana na msimbo wa kale uitwao MooTools, uliokuwa ungali unatumika katika tovuti zilizotengenezwa miaka mingi nyuma. Baada ya mabishano, kamati iliamua kuiita amri hiyo flat. Kipya kilibadilishwa jina ili kikongwe kisidhurike.

Hali kadhalika, kiwango cha HTML kina orodha ya alama zilizopitwa na wakati. Miongoni mwazo ni marquee, ambayo huyafanya maneno yatembee kwenye skrini. Kiwango kinamkataza mwandishi kuitumia, lakini papo hapo kinakitaka kivinjari kiendelee kuielewa. Mwanafunzi wa leksikografia hatashangazwa na utaratibu huu. Neno linapoacha kutumika, mtunga kamusi halifuti. Huliwekea alama ya kuonyesha kwamba ni la kale, ili atakayekutana nalo katika shairi la zamani apate maana yake. Mwandishi anashauriwa asilitumie, ila msomaji hanyimwi ufunguo.

Viwango na teknolojia zilizokwisha kuondolewa

Itakuwa kosa, hata hivyo, kudai kwamba hakuna kilichowahi kuondolewa. Mifano minne inatosha kuonyesha kwamba uondoaji hauna sura moja.

Mfano wa kwanza ni alama ya blink, iliyoyafanya maneno yamemetuke. Firefox iliiondoa mwaka wa 2013, na hakuna aliyepoteza neno hata moja: maandishi yalibaki palepale, yakaacha tu kumemetuka.

Mfano wa pili ni FTP, njia ya kale ya kusafirisha mafaili, iliyoondolewa katika Firefox na Chrome mwaka wa 2021. Waliokuwa wakiihitaji walibaki na programu maalumu za kufanyia kazi hiyo nje ya kivinjari.

Mfano wa tatu ni Flash. Hii haikuwa kiwango cha wavuti bali mali ya kampuni ya Adobe, nayo ilisitishwa tarehe 31 Desemba 2020 baada ya tangazo lililotolewa mwaka wa 2017. Flash ilisifika kwa mianya ya kiusalama, na wengi hawakuililia. Lakini michezo, masomo na katuni za takribani miongo miwili zingepotea machoni pa watu lau kusingetokea waliojitolea kuunda Ruffle, programu inayoiga Flash. Internet Archive, maktaba kubwa ya kidijitali nchini Marekani, ilianza kuitumia mwaka wa 2020 ili kazi hizo ziendelee kuonekana.

Mfano wa nne ni MathML, kiwango cha kuandikia fomyula za hisabati. Chrome ilikiingiza mwanzoni mwa mwaka wa 2013 na kukiondoa katika toleo lililofuata. Kilirejea katika Chrome mwaka wa 2023, kutokana na kazi iliyofanywa na kampuni ya Igalia ya Uhispania. Kwa miaka 10, walioandika hisabati kwa kufuata kiwango rasmi walilazimika kutafuta njia za kando ili kazi zao zisomeke katika kivinjari hicho.

Mifano hii inaonyesha kwamba uzito wa uondoaji hautegemei ukongwe wa kitu, bali kile kinachobaki baada ya kuondolewa.

Kesi ya XSLT

Kiwango kilichozua mjadala wa mwaka wa 2025 ni XSLT, ambacho W3C ilikiidhinisha tarehe 16 Novemba 1999. Ili kukielewa, yafaa tuanze na XML, kiwango cha mwaka wa 1998 kinachomwezesha mwandishi kuipa kila sehemu ya matini jina lake halisi. Tuchukue shairi la tarbia. Katika mfumo wa TEI, ambao wataalamu wa fasihi na isimu walianza kuubuni mwaka wa 1987 na ambao siku hizi hutumia XML, kila ubeti hufungwa ndani ya alama ya lg na kila mshororo ndani ya alama ya l. Mhariri anaweza pia kuonyesha mahali ukwapi unapoishia na utao unapoanzia, neno gani halisomeki katika mswada, na nakala mbili zinatofautiana wapi.

Faili ya namna hii ni hazina kwa mtafiti, lakini kwa msomaji wa kawaida ni msitu wa alama. Hapo ndipo XSLT inapoingia. Ni lugha ya kutoa maelekezo: kila ukiona ubeti, uache nafasi, kila ukiona mshororo, uanze mstari mpya, kila ukiona maelezo ya mhariri, uyapeleke chini ya ukurasa. Kivinjari huyasoma maelekezo hayo, kikaigeuza faili ya XML kuwa ukurasa wa HTML unaopendeza. Matini hubaki safi upande mmoja, na sura yake hukaa upande mwingine.

Si wasomi wa fasihi peke yao walionufaika. Miswada ya Bunge la Marekani huchapishwa pia kwa XML yenye maelekezo ya XSLT. Vilevile, wapo wenye vipindi vya sauti na habari za RSS, ambayo nayo ni aina ya XML, waliotumia XSLT ili msomaji anayefungua anwani hiyo asikutane na alama tupu.

Mwaka wa 2013, tayari lilikuwepo wazo ndani ya Google la kuiondoa XSLT katika Chrome, lakini halikutekelezwa. Mwaka wa 2025, mhandisi wa Google, Mason Freed, alilifufua kwa kupendekeza kwamba XSLT iondolewe katika kiwango chenyewe. Wahandisi wa Mozilla na wa WebKit, injini inayoendesha Safari ya Apple, walionyesha kuliunga mkono. Baadaye mwaka huohuo, Google ilitangaza ratiba: Chrome iache kuitekeleza XSLT kwa watumiaji wengi mwishoni mwa mwaka wa 2026, na muda wa nyongeza kwa watakaouomba ukome mwaka wa 2027.

Hoja za wanaotaka iondolewe

Haki inatutaka tuanze na hoja zenye nguvu za upande huu. Ya kwanza ni usalama. Chrome na Safari hutekeleza XSLT kwa kutumia libxslt, msimbo ulioandikwa kwa lugha ya C zaidi ya miaka 20 iliyopita. Lugha hiyo humwachia mwandishi wa programu jukumu la kusimamia kumbukumbu ya kompyuta mwenyewe, na kosa dogo linaweza kumfungulia mhalifu mlango. Udhaifu wa namna hiyo umegunduliwa katika libxslt mara kadhaa, ukiwemo mwaka wa 2025. Hatari hiyo haiwahusu wanaotumia XSLT peke yao. Inamhusu kila mwenye kivinjari, kwani ukurasa wa hila waweza kuuamsha msimbo huo bila yeye kujua.

Ya pili ni uhaba wa wahudumu. Kwa miaka mingi, msimbo huo uliotegemewa na mabilioni ya watu ulitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea. Mwaka wa 2025 alijiondoa katika kazi hiyo, baada ya kulalamikia mzigo wa kushughulikia taarifa za usalama pasipo malipo.

Ya tatu ni matumizi. Takwimu zilizotolewa katika mjadala zilionyesha kwamba XSLT hutumika katika chini ya asilimia 0.1 ya kurasa zinazofunguliwa katika Chrome. Isitoshe, vivinjari vilibaki na toleo la kwanza la mwaka wa 1999, ilhali W3C ilikwisha kuidhinisha toleo la pili mwaka wa 2007 na la tatu mwaka wa 2017. Kwa maoni ya upande huu, XSLT ya kivinjarini ni mti uliokauka zamani.

Hoja za wanaopinga

Wanaopinga hawakani kwamba hatari ipo. Wanauliza ni nani aliyeuacha mti ukauke. Kampuni zinazomiliki vivinjari ni miongoni mwa tajiri zaidi duniani. Zilikataa kuingiza matoleo mapya, zikaacha utunzaji mikononi mwa mtu mmoja wa kujitolea, kisha zikataja uchakavu na uchache wa watumiaji kuwa sababu za kuondoa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, lakini hapa asiyeziba ufa anapendekeza kubomoa nyumba.

Kuhusu takwimu, wanahoji kipimo chenyewe. Asilimia ndogo ya kitu kikubwa mno si ndogo: hata ingekuwa asilimia 0.01, katika kila kurasa bilioni 1 zinazofunguliwa, kurasa 100,000 zingeathirika. Isitoshe, kuhesabu kurasa zinazofunguliwa hakupimi thamani ya zile zisizofunguliwa mara kwa mara. Mswada wa utenzi husomwa na watu wachache kwa mwaka. Kwa kipimo hiki, ukurasa wa matokeo ya kandanda utaushinda kila siku.

Hoja yao ya tatu ndiyo nzito zaidi kwetu. Google ilitoa msimbo wa kuziba pengo, ambao mwenye tovuti anaweza kuuongeza ili faili zake ziendelee kuonekana kama zamani. Suluhisho hilo ni zuri kwa tovuti yenye mwenyewe. Je, ile iliyoachwa na mtafiti aliyestaafu, mradi uliokwisha fedha, au chuo kisicho na mhandisi? Mfumo wa TEI Boilerplate, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani, ulikusudiwa hasa kwa wasomi wasio na uwezo mkubwa. Uliwaruhusu kuchapisha matini za TEI moja kwa moja, bila seva ya pekee, kwa kuitegemea XSLT iliyomo ndani ya kivinjari. Waliouamini walikuwa wakifuata kiwango rasmi. Hawakukosea popote.

Funzo kutoka historia ya maandishi ya Kiswahili

Ili tuone uzito wa hoja hiyo, tutazame jambo lililotupata sisi wenyewe. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu. Utendi wa Tambuka, ambao kwa kawaida huhusishwa na Pate na mwaka wa 1728, ulitufikia kwa hati hizo. Ukoloni ulipoingia, hati za Kirumi zilifanywa ndizo za shule, ofisi na vitabu. Mwaka wa 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi ya kusanifisha Kiswahili, tahajia iliyoshughulikiwa ilikuwa ya Kirumi.

Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba mjini Lamu akichoma miswada. Maandishi yalibaki. Kilichoondoka ni msomaji. Miswada iliyohifadhiwa SOAS jijini London na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inahitaji mtu anayezijua hati zenyewe, anayeijua lahaja ya mtunzi, na anayeweza kukisia irabu, kwa kuwa mara nyingi hati hizo hazikutofautisha e na i, wala o na u. Wanafunzi wengi wa shahada ya Kiswahili leo hawawezi kusoma ukurasa mmoja wa miswada hiyo bila ya kusaidiwa.

Na palipookolewa kitu, palikuwa na mkalimani. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1840, tunayasoma leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyafafanua kabla wajuzi hawajatoweka, akishirikiana na mmishenari William Taylor. Hichens akayachapisha mwaka wa 1940 kwa hati za Kirumi. Kwa maneno mengine, mabadiliko ya hati hayakuyaua mashairi hayo kwa kuwa alikuwepo mtu wa kuyavusha. Ni mangapi yasiyopata Mwalimu Sikujua wao?

Ulinganisho huu una mipaka yake. Faili ya XML iliyopoteza XSLT bado ni herufi za kawaida, na mwenye subira ataweza kuzisoma katikati ya alama. Aidha, XSLT yenyewe haifi, kwani itaendelea kutumika katika seva na programu nyingine nje ya kivinjari. Hata hivyo, msomaji wa kawaida hana subira hiyo wala programu hizo. Kwake yeye, kisichoonekana hakipo.

Tathmini

Kutokana na yaliyotangulia, tunapendekeza kwamba kabla ya kuondoa kiwango chochote yaulizwe maswali matatu. Kwanza, je, hatari ya kukiacha ni ya kweli, na haiwezi kuondolewa kwa njia nyingine? Pili, kikiondoka, msomaji anapoteza pambo au anapoteza matini? Tatu, ni nani anayeubeba mzigo wa mabadiliko: aliyeyaamua au aliyeyakuta?

Blink inafaulu mtihani huu bila taabu, kwani kilichopotea ni pambo. Flash inafaulu swali la kwanza na kuanguka la tatu, kwa kuwa uokoaji uliachiwa watu wa kujitolea. Kuhusu XSLT, tunakubali kwamba msimbo wa kale wa libxslt haufai kuendelea kukaa ndani ya vivinjari. Lakini msimbo ni kitu kimoja na kiwango ni kingine. Tangu mwaka wa 2013 Firefox huonyesha faili za PDF kwa msimbo wa JavaScript unaoendeshwa katika mazingira yenye ulinzi, ambamo kosa haliwezi kuleta madhara makubwa. Ikiwa msimbo wa kuziba pengo la XSLT umekwisha kuandikwa, kuna sababu gani usiwekwe ndani ya kivinjari chenyewe, badala ya kila mwenye tovuti kutakiwa auongeze? Kwa njia hiyo hatari ingepungua, na mzigo ungebaki kwa mwenye mabavu ya kuubeba.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mjadala wa XSLT si wa ukongwe na upya tu, bali ni wa wajibu. Hata hivyo, maamuzi hayo hayafanyiki katika kumbi zetu, na mwenye busara hangoji mvua inyeshe ndipo aezeke. Kwa wanaohifadhi matini za Kiswahili, tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, matini ihifadhiwe daima katika faili sahili yenye alama zinazoeleweka, ikiwa mbali na maelekezo ya sura yake. Pili, ugeuzaji wa kuwa HTML ufanyike kabla ya kuchapisha, kwa programu kama Saxon, ili msomaji apokee ukurasa uliokwisha kuandaliwa na asikitegemee kivinjari kuugeuza. Tatu, kila mradi uache maelezo kwa Kiswahili rahisi kuhusu namna faili zake zilivyoandikwa, ili atakayezikuta baada ya miaka 50 asihitaji kukisia irabu.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Vivinjari ni msala: huja na hupita, na wenye navyo huvikunja wapendapo. Mbacha wetu ni matini yenyewe, na jukumu la kuilinda haliwezi kuachiwa mgeni.